Dada Mwenyewe Yupo Hapa

Jumamosi ile nilivaa gauni langu la bluu na nilikuwa nimelipiga pasi mara mbili. Sioni haya kusema. Mwaka ulikuwa tisini na nne, mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, na mwanamume niliyempenda alikuwa ameniandikia kwa mkono wake kwamba siku ya matembezi, kabla yeye na wenzake hawajavuka mpaka kurudi kwao, angezungumza na baba yangu.

Barua hiyo ilinifikia kama zote zilizotangulia, kupitia sanduku la posta la Mzee Abdulghani, mwenye duka la vitambaa karibu na stesheni ya Voi. Binti yake, Salme, ndiye aliyekuwa akinipa kwa siri, amezikunja ndani ya leso. Asubuhi ile alifika mpaka kanisani, maana lori tulilokodi lilikuwa la baba yake, akanivuta kando.

"Siku yenyewe imefika, mwenzangu. Umelala?"

"Ningelala vipi, Salme?"

"Basi jikaze. Kwetu mwanamume akitaka mke hutuma wazee, wakaja wakasema, yakaisha. Nyinyi mwafunga, mwaomba, mwaimba, halafu mwaomba tena. Mwambie asizungukezunguke."

"Hatazunguka. Ameahidi."

"Haya. Mungu awafungulie njia."

Wageni wetu walikuwa ishirini na wawili, Wapare kutoka Same, Tanzania, ndugu wa ushirika wa waliookoka kama sisi. Mwaka uliotangulia sisi wa Voi tulikwenda kwao kwa misheni ya wiki nzima, na mwaka huo ikawa zamu yao kuja. Walihubiri nyumba kwa nyumba, mitaa ya Sofia, Mwakingali, Kaloleni, mpaka sauti zikawakauka. Jumamosi ilikuwa ya kupumzika. Tungewapeleka kuona Ziwa Chala, tufanye ushirika wa mwisho pale pale ukingoni, kisha tuwasindikize mpaka lango la Taveta kabla ya saa kumi na mbili jioni, linapofungwa.

Kati ya hao ishirini na wawili mimi nilimwona mmoja. Elinami Mshana alikuwa fundi seremala, mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kusikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Baba yangu, Mzee Ndambuki, kiongozi wa ushirika wetu wa Voi, alimpenda sana Seremala wa Nazareti, lakini wa Same hakutaka hata kumsikia. Alhamisi alimkuta akinisaidia kubeba sufuria ya uji, na jioni akaniita.

"Nthambi, yule kijana anakutafutia nini?"

"Hanitafutii kitu, baba. Alishika tu sufuria."

"Sufuria ina mikono miwili na wewe una miwili. Sikia. Dada yangu aliolewa Tanzania, huko Kigoma. Alipokufa, habari ilitufikia baada ya miezi mitatu. Hatukumzika, hata kaburi lake mimi silijui. Mimi sitaoza binti ng'ambo ya mpaka. Na mama yako ana presha, usimuue."

"Na kama ni mapenzi ya Mungu?"

"Mungu anajua mpaka uko wapi."

Ndivyo baba yangu alivyokuwa. Akishasema, amesema. Lakini nilijua pia kuna sauti moja asiyoweza kuikatalia, nayo ni sauti ya ndugu wa ushirika wakija kwake pamoja. Nilitegemea hilo.

Tulipita Mwatate tukiimba, na tulipofika Maktau vumbi lilikuwa limetupaka wote rangi moja, Wakamba, Wataita na Wapare. Ndovu watatu walisimama kando ya reli wakitutazama bila haraka. Elinami alikaa nyuma kabisa, juu ya gurudumu la akiba. Nilimwangalia nikijifanya naangalia ndovu. Kila macho yetu yalipokutana aliyashusha, na midomo yake ilikuwa ikitembea kama mtu anayesema peke yake. Nilidhani ni hofu ya mposaji. Nilimwonea huruma, na nilimpenda zaidi kwa hofu hiyo.

"Jamani," alipiga kelele Mama Namsifu, kiongozi wa wageni, mlima Kilimanjaro ulipojitokeza mawinguni, "tumekuja mpaka Kenya kuuona mlima wetu wenyewe!"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, na ndicho kicheko changu cha mwisho siku hiyo.

Chala ni ziwa lililotumbukia ndani ya ardhi. Unasimama ukingoni, kuta za mawe zinashuka, na maji yako kule chini, ya bluu mpaka yanakaribia kuwa meusi. Mpaka wa nchi zetu mbili unapita katikati yake. Katunge, rafiki yangu wa kwaya, aliuliza kama samaki wa kule nao wanahitaji pasi ya kuvukia, na ndugu wakaendelea kutaniana, wakapigana picha, wakagawana ndizi tulizonunua sokoni Taveta. Baba alimshika mkono mzee mmoja wa Same akimwonyesha upande wa kwao. Kila mtu alikuwa na furaha yake.

Nilimfuata Elinami alikosimama peke yake, karibu na kichaka cha miiba. Tulisimama kama watu wanaoangalia maji.

"Utaongea naye saa ngapi?" nilimuuliza.

"Baada ya ushirika."

"Elinami, muda hautoshi. Mkitoka hapa ni lango moja kwa moja. Nenda sasa, amefurahi, anacheka."

"Kuna jambo la kwanza kabla ya hilo."

"Jambo gani?"

Alinigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, na hata hivyo yaliniangalia kwa upendo ambao sijauona tena kwa mtu mwingine yeyote.

"Niombee tu, Nthambi. Na lolote litakalotokea, ujue nakupenda. Usiogope."

"Unanitisha."

"Usiogope," alirudia, akaondoka.

Nilipaswa kuelewa. Mimi nilizaliwa ndani ya ushirika, nilijua jinsi tunavyoishi. Kwetu sisi dhambi haifichwi. Mtu husimama mbele ya ndugu akaitaja kwa jina, watu wakaimba, mambo yakaisha. Tunaita kuja nuruni. Anayetubu hataji mwenzake, hutubu ya kwake tu. Na ushuhuda haupangwi na mtu, lazima moyo wenyewe usukumwe. Haya yote niliyajua, lakini mapenzi yalikuwa yamenifumba macho nikawaza habari za mahari tu.

Tuliketi nyasini kwa duara. Baba aliongoza wimbo, akaomba, akakaribisha shuhuda. Wa kwanza aliungama kumnung'unikia mke wake, wa pili uvivu wa kusali. Tukawaimbia. Kisha Elinami akasimama.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina!"

"Mimi ni Elinami, mwenye dhambi niliyeokolewa kwa neema. Ndugu, nimehubiri mwaka mzima nikiwa na giza ndani. Mwaka jana, mlipotutembelea Same, nilianguka na dada mmoja wa ushirika. Ilikuwa mchana, ndugu wote wakiwa sokoni. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwandikia kwa siri. Nampenda. Nataka kumwoa. Lakini siwezi kubisha hodi kwa mzazi wake nikiwa na mikono michafu. Natubu mbele za Mungu na mbele yenu."

Hakuna aliyeimba. Mabinti wa Voi tuliokwenda Same tulikuwa watano, na wote watano tulikuwa pale nyasini. Katunge alininong'oneza, "Yesu wangu! Nani huyo?" Niliangalia mikono yangu na nikaukumbuka mchana ule wa Same, jua kali, chumba cha mwalimu tuliyefikia kwake, chenye harufu ya mbao mpya, na Elinami akitetemeka kuliko mimi. Sikujuta wakati ule, na hata pale ziwani, Mungu anisamehe, sikujuta.

Mama Namsifu aliinuka taratibu.

"Ndugu, tumshukuru Mungu. Kijana wetu amekuja nuruni. Lakini dada mwenyewe yupo hapa, sivyo, Elinami?"

Elinami aliinamisha kichwa.

"Hatumtaji na hatumlazimishi. Roho ndiye atakayemwinua. Dada, mwanangu, nasema nawe popote ulipoketi. Usiogope. Ukisimama, hatutakupiga mawe. Tutalia pamoja nawe, na leo hii, kabla hatujavuka, sisi wenyewe ndugu wa Same na wa Voi tutakwenda kwa mzazi wako kukuombea. Ndoa hii tutaisimamia sisi."

Hapo nikaelewa yote. Elinami hakuwa amenisaliti. Alikuwa amenifungulia mlango wa pekee ambao baba asingeweza kuufunga. Kilichobaki ni mimi kunyanyuka, kusema Bwana asifiwe, na kupokea aibu ya siku moja kwa ajili ya mume wa maisha. Nilikunja goti. Niliweka kiganja chini nijisukume.

"Ndugu," baba alisema.

Alikuwa amesimama upande wa pili wa duara, koti lake la kijivu limejaa vumbi, na alikuwa akiniangalia mimi. Sijawahi kuyaona macho ya baba yangu vile. Yalikuwa yananiomba.

"Ndugu, mimi nilikuwa Same pamoja na mabinti hawa. Niliwachunga usiku na mchana. Nasema mbele za Mungu, binti wa Voi hayumo katika jambo hili. Kama ndugu ameanguka, ameanguka na wa huko kwao."

Kiganja changu kilibaki pale chini, kokoto zinanichoma.

Msomaji, niambie wewe ungefanya nini. Kabla baba hajasema, kusimama kulikuwa kutubu. Baada ya kusema, kusimama kulikuwa kumtaja kuwa mwongo, yeye aliyewaongoza watu wale miaka kumi na minane, aliyewatoa machozi watu wazima akiwaambia waache giza. Nikikaa, Elinami anabaki peke yake na dhambi ya watu wawili. Nilihesabu pumzi zangu. Elinami aliniangalia mara moja tu, haraka, kisha akatazama maji.

Nilikaa.

"Elinami," Mama Namsifu alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imekauka, "umesikia maneno ya mzee. Mtaje huyo dada."

"Siwezi, mama. Mtu hutubu ya kwake."

"Basi ushuhuda wako una mguu mmoja. Ama unamficha mtu, ama umemsingizia. Utakaa kando. Usihubiri, usiimbe, mpaka wazee wa nyumbani wakae nawe."

"Ndiyo, mama."

Akatoka kwenye duara, akaenda kuketi kwenye jiwe, mgongo umetuelekea. Baba akaanzisha wimbo. Aliuanza juu sana, ukamshinda katikati, na Katunge ndiye aliyeupokea.

Langoni Taveta tulifika saa kumi na moja na nusu. Wanawake wenye mikungu ya ndizi walikuwa wakiharakisha kuvuka, baiskeli zimelemewa, askari anapiga mluzi. Wageni walipanga foleni ya kugongewa mihuri. Elinami alikuwa wa mwisho na hakuna aliyesimama karibu naye. Sikujali tena nani ananiona.

"Nilikungoja," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Ungeniambia! Elinami, ulikuwa na wiki nzima, ungeniambia!"

"Ushuhuda haupangwi, Nthambi. Ningekuambia, ungesimama kwa ajili yangu."

"Na kusimama kwa ajili yako kuna ubaya gani?"

Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke.

"Niambie ukweli," alisema. "Kama ningekuambia jana, ungesimama?"

Ningeweza kumdanganya ili aondoke na mzigo mwepesi. Lakini uongo wa siku hiyo ulikuwa umetosha.

"Ningesimama kabla yako. Kabla baba hajasema neno."

Alijifunika uso kwa mikono yake miwili, mikono niliyoipenda, yenye makovu ya patasi.

"Basi simama sasa," alisema kutoka ndani ya mikono hiyo. "Mama Namsifu yule pale. Bado dakika ishirini. Nthambi, nakusihi. Nikifika nyumbani wataniweka kimya mwaka mzima, kisha watanitafutia dada wa kunioza nisianguke tena. Ndivyo wanavyofanya, wewe unajua. Simama."

Niligeuka. Baba alikuwa langoni akiwashika mikono wageni mmoja mmoja, anawabariki, anatabasamu, na kila akitabasamu shavu lake lilikuwa linarukaruka. Alionekana amezeeka tangu asubuhi.

"Alisema mbele za Mungu," nilimwambia. "Nikisimama sasa, amekwisha."

"Na mimi?"

"Wewe umeshatubu. Wewe umepona."

"Sijapona," alisema Elinami. "Nani amekudanganya kwamba nimepona?"

Askari akaita wa mwisho. Nilitamani kumshika japo kidole. Sikumshika.

"Usiniandikie tena," nilimwambia, maana nilijua nikipata barua moja nitavuka kwa miguu.

Aliitikia kwa kichwa. Alipita chini ya mti wa lango, akatembea, akageuka mara moja. Jua lilikuwa nyuma yake, sikuuona uso. Nilisimama pale mpaka askari aliponiambia, "Dada, rudi upande wako."

Lori lilianza kurudi Voi likiwa na nafasi nyingi. Baba alikuja kuketi karibu nami, juu ya gunia. Kisha akainama sikioni mwangu.

"Nilijua tangu Same," alisema. "Siku ile nilirudi kutoka sokoni kuchukua miwani. Niliona viatu vyako mlangoni kwa mwalimu."

"Na hukusema?"

"Nilisema na Mungu. Nilimwomba iwe sikuona."

"Baba, leo walikuwa tayari kunioza kwake. Ulisikia. Nilikuwa nainuka."

"Nilikuona unainuka. Nilimwona dada yangu, Nthambi. Nilijiuliza nikupoteze kwa aibu, au nikupoteze kwa mpaka, au niseme uongo mmoja. Uongo ulitoka tu."

Nilimwonea huruma na nilimchukia, vyote kwa pamoja, na sikujua vinatosheaje ndani ya kifua kimoja.

Tulipokaribia Mbuyuni, kiza kikianza kuingia, Katunge alipiga makofi. "Ndugu, tusifike kimya hivi! Siku imekuwa njema. Mzee Ndambuki, tufungie kwa ushuhuda!"

Watu wakaitikia. Baba akainuka, akashika chuma cha lori kwa mikono yote miwili.

"Bwana asifiwe, ndugu," alisema. "Leo pale ziwani, mimi..."

Nilijua analotaka kusema. Niliona amefika mwisho wa nguvu zake, kwamba mtu yule hakuweza kulala hata usiku mmoja na uongo. Lakini pale Chala maneno hayo yangenipatia mume. Hapa njiani yangenipatia aibu tu, mimi na yeye, mama na presha yake akitungoja nyumbani, na Elinami ameshavuka.

Nilimshika pindo la koti, nikalivuta chini kwa nguvu.

"Kaa, baba."

Aliniangalia. Yalikuwa macho ya kuomba tena, lakini safari hii aliomba aruhusiwe.

"Nthambi, mwanangu, niache."

"Kaa," nilimwambia. "Umechelewa."

Baba yangu akakaa. Akaweka uso wake magotini, na mabega yakaanza kumtikisika.

"Mzee alitaka kusema nini?" Katunge aliuliza.

"Amechoka," nilimjibu. "Imbeni nyinyi."

Wakaimba.